Joto la Twilumba

Kamwene, mjukuu wangu Neema. Hapa Uwemba tu wazima, na babu yako ameshavuna viazi. Wasalimie wazazi wako huko Makambako.

Umeuliza kama ni kweli nilimfokea mkuu wako wa shule nilipomwakilisha mama yako kwenye kikao cha wazazi. Ni kweli, na ningemfokea tena! Anatuambia shule zinafunguliwa, korona imepungua, ndoo za kunawia zimepangwa getini, na bwenini madirisha yatakaa wazi, kila msichana kitandani kwake. Kwa baridi hii ya Njombe! Nikamuuliza kila mmoja atakuwa na blanketi ngapi. Akanionyesha ndoo. 

Mimi nimelala bweni, Neema. Mwaka ule wa surua, matroni naye alitenganisha vitanda na kufungua madirisha. Alipotoka tu tukayafunga, tukajibana wawili wawili kama tulivyozoea. Rafiki yangu Twilumba akaja kwangu. Alikuwa wa moto kama jiko, nami nikamkumbatia nikishukuru kwamba leo sitatetemeka. Kumbe ilikuwa homa. Tuliugua wote wawili. Mimi ndiye niliyepona.

Hatukuwa wakaidi. Tulikuwa tunasikia baridi.

Kwa hiyo wazazi wako wasikupandishe basi kwanza. Blanketi zako mbili nimeshanunua, ila bwenini huingii mpaka nione na za msichana wa kitanda cha jirani.

Bibi yako