Nilijibu "Ndoa"

Mwenzangu, nimefanya nini mimi!

Mkwe wangu kaja asubuhi na begi la nguo za mtoto. Akaniuliza, "Mama, ni nini alichokifunga Mungu, mtu akikifungua anakwenda motoni?"

Nami na vitendawili vyangu! Nikadhani ananitegea. Nikajibu mbio, "Ndoa!" Nikacheka. Mwenzangu, nilicheka!

Akasema, "Ahsante, Mama." Akabeba begi lake, akarudi kwa mwanangu. Na mkono wa mwanangu unaujua.

Kumbe hakutaka jibu. Alikuwa anaomba nimwambie Mungu hatamchukia akikaa kwangu.

Nimepiga simu yake. Kapokea mwanangu, anahema: "Amelala, Mama."

Saa sita mchana, mwenzangu. Na mtoto nimemsikia analia, habembelezwi.