Picha Sipigwi

Kaka,

Mama hajambo, goti limepoa.

Umeniomba nije nipigwe picha nikiwa na mbwa, uibandike langoni kwenye chuo chako cha kufundisha mbwa, watu waone mnapokea hata viziwi. Umesahau nilipokuja kuomba nafasi? Nilimwonyesha mbwa wako mkali kiganja, akaketi kimya. Nikasoma midomo yako ukiwaambia wakufunzi wenzako, "Mtoeni. Mbwa hafundishwi na bubu." Wakacheka, nawe ukacheka nao.

Sasa nafundisha mbwa hapa uani, na viziwi wenzangu wawili. Picha hupati. Ukitaka kiziwi chuoni kwako, umwajiri, umpe mbwa na mshahara kama wengine. Mimi usiniite tena.

Dada yako, kwa damu tu.