Kanda ya Vinanda kwa Harusi ya Deo

Jumatatu, 3 Agosti
Nimeshona blauzi tatu, kola mbili. Deo, mdogo wangu, amerudi kutoka bandari ya Mpulungu, ng'ambo ya mpaka, na kanda ya Wazungu wanaopiga vinanda vya umeme tu. Hawana gitaa, hawana ngoma. Nyimbo kumi na sita, zilizochaguliwa kutoka albamu zao zote. Siku hizi kila kitu kinaingia: mitumba, sabuni za harufu, sasa hii. Nimeirudia mara nne. Cherehani imekwenda na mdundo wenyewe. Raha tupu.

Jumatano, 5 Agosti
Deo anaoa Jumamosi. Anataka watu wacheze nyimbo za kanda hiyo tu. Nimefurahi kuliko bibi harusi. Dada yetu Stella, mpiga kinanda wa kanisani, amemwambia ule ni mlio wa mashine ya kusaga. Mimi hakuniambia kitu. Hatusemeshani tangu Pasaka, nilipomwambia mbele ya kwaya kwamba anachelewesha nyimbo. Nilikosea. Nina kiburi.

Ijumaa, 7 Agosti
Umeme umekatika mtaa wote wa Kizwite tangu jana. Betri madukani hakuna. Za redio yangu zimechoka, mwimbaji anasikika kama ng'ombe mgonjwa. Deo karibu alie. Kinanda cha kanisani hakihitaji umeme, kinapigwa kwa miguu. Basi nimekwenda kwa Stella, redio na kanda mkononi.
"Dada, shikamoo. Nisamehe."
Amenitazama mpaka nikaona aibu.
"Marahaba. Weka hiyo kanda."
Ng'ombe akaimba. Stella akacheka hadi akashika ukuta. Tukaenda kanisani, akaanza kutafuta sauti kwa kidole kimoja. Kufikia jioni alikuwa na nyimbo saba. Paroko amekubali tuazime kinanda.

Jumamosi, 8 Agosti
Kinanda kimefika ukumbini kwa mkokoteni. Stella kapiga zote saba, akaanza upya. Miguu yake ilifanya kazi kuliko ya wachezaji. Shangazi kutoka Namanyere kauliza hizo ni nyimbo za parokia gani. Deo kacheza hadi kisigino cha kiatu kikang'oka. Sijawahi kujivunia mtu hivi.

Jumapili, 9 Agosti
Upepo, baridi kali. Tumeosha sahani za kuazima, mimi na Stella. Rundo zima. Hatukusema mengi. Nilipoanza kutetemeka alivua sweta lake, akanivalisha, akaendelea kusuuza.