Karai la Maji na Barabara ya Ipole

S.L.P. 61,
Tabora.
3 Novemba, 1974.

Mpendwa Ami Darwesh,

Shikamoo, Ami. Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa mzima, wewe na Mama Zeyana, na kwamba ule mguu uliokusumbua umetulia. Sisi hapa hatujambo. Barua yako ya Ramadhani Mama ameisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Tulimaliza mfungo salama, na Idd tukala kwa kiasi, maana sukari siku hizi ni ya foleni.

Mvua bado. Joto unalijua, sina haja ya kulieleza.

Uliuliza habari za Saleha na mtoto, kwa sababu umesikia kwa watu kwamba huku kuna surua. Ni kweli ilikuwako. Nitakujibu kwa urefu kidogo, maana mambo yenyewe yalipitia mikononi mwangu, na naona afadhali uyapate kwangu kuliko kwa wasafiri.

Dada yangu alihamishwa mwezi wa sita kwenda kufundisha katika kijiji kipya cha Ujamaa, mbele kidogo ya Ipole. Mumewe, Omari, yuko naye. Ndiye bwana shamba wa pale. Mtoto wao, Tufaha, mwenye jina la bibi, hajatimiza mwaka. Watu wameletwa kutoka vitongoji vingi, nyumba zimesogeleana, nyingine bado ni nguzo tupu. Ramadhani ilipoanza zikaja habari kwamba surua imeingia kijiji cha jirani na watoto wanazikwa.

Mimi ningali karani wa stoo ya dawa. Chanjo ya surua hutufikia kwa treni kutoka Dar es Salaam, nasi huipeleka vijijini ndani ya sanduku la barafu. Ikipata joto imekufa, hata kama chupa inang'aa. Kule kijijini friji la mafuta ya taa halijafika, kwa hiyo kazi yote ni moja: sanduku lifike kabla barafu haijayeyuka, na watoto wachanjwe papo hapo. Dereva wetu, Lugembe, alikuwa amelazwa kwa ngiri. Ikatafutwa leseni nyingine ofisini, ikaonekana ni yangu. Leseni hiyo, Ami, ni wewe uliyenisukuma kuichukua. Unakumbuka ulivyonifundisha kwenye barabara ya uwanja wa ndege, ukashuka garini ukasema nafaa kuendesha jeneza, kwa sababu abiria wake hana haraka.

Niliogopa. Nalisema hilo kama mtu anavyotaja urefu wake. Kwa kuwa niliogopa, nilijiandaa kwa kila jambo. Nyuma ya Landrova nilipakia magurudumu mawili ya akiba, jembe, mnyororo, gunia la mchanga, na pipa la maji lililojaa nusu, injini isije ikachemka. Sanduku la barafu nikaliweka mwisho kabisa, karibu na mlango, ili lishuke upesi. Kisha nikaenda polepole. Jua likapanda, nami niko njiani.

Baada ya Sikonge, pale barabara inaposhuka kwenye korongo kavu halafu ikakata kushoto, kuna ile kona uliyoiita Mkwe, ukisema hapiti mtu bila kuinama. Niliingia kwa mwendo ambao wewe ungesinzia. Mimi niliuona mkubwa. Katikati ya kona woga ukanishika, nikaondoa mguu kwenye mafuta na kukanyaga breki kwa nguvu zote. Nyuma ya gari ikatoka barabarani kama imevutwa mkia. Nikazunguka, nikajikuta mtaroni, nikitazama nilikotoka. Sikuumia. Pipa lilipasua kiti cha pembeni. Mpaka watu wa barabara walipokuja na kamba kunitoa, kivuli kilikuwa kimehamia upande wa pili wa miti.

Kijijini nilikuta akina mama wamepanga foleni tangu asubuhi. Nesi wa pale anaitwa Apolinaria, mwanamke mrefu wa Kinyamwezi, mkali. Alifungua sanduku, akachovya kidole.

"Ndugu karani," akasema, wote wakisikia, "umetuletea chai. Sukari iko wapi?"

Wanawake wakacheka. Walinyamaza walipomwona anazibeba chupa kwenda kuzitupa shimoni.

Nilimwomba Saleha nirudi na Tufaha mjini, achanjwe huko akae kwa Mama. Alikuwa amemfunga mgongoni, wala hakumshusha.

"Akina mama hawa nimewazungukia mimi, mlango kwa mlango, nikawaambia wasiogope sindano," akasema. "Leo nimpakie wangu kwenye gari la serikali? Kesho nitawatazama kwa macho gani?"

"Basi nifanye nini, dada?"

"Lete barafu, Humaidi. Barafu tu. Sikukuomba theluji ya Kilimanjaro."

Niliporudi Tabora, mkubwa wangu wa kazi hakupandisha sauti. Alisema treni ya wiki itakayofuata inaleta sanduku moja la mwisho kwa ajili ya upande ule, na baada ya hapo mvua zitafunga barabara mpaka mwakani. Lugembe alikuwa bado kitandani. Jioni nyumbani nikamweleza Mama. Yeye akasema babu alipita njia ile ile na wapagazi na mapembe yake na hakuanguka mtaroni. Halafu akanituma kwa Mama Jasoda.

Huyo unamjua, mjane wa Popatlal mwenye gereji, mliyekuwa mkigombana naye kwa ajili ya springi za lori lako. Labda hukujua kwamba mumewe alipokuwa akishindana kwa magari enzi zile, yeye ndiye aliyekaa pembeni. Mume anashika usukani, mke anamsomea barabara: kilima, kulia kali, mchanga. Nilimweleza safari yangu tangu mwanzo. Alinisikiliza akisafisha kabureta.

"Pipa nusu?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Kwa tahadhari."

"Ungebeba na ng'ombe ukamfunga nyuma, anywe hayo maji."

Petroli ya kujifunzia haipatikani siku hizi, kwa hiyo hakunipa gari. Alitoa kiti cha gari bovu, akakiweka uani juu ya tyubu ya lori isiyojazwa upepo sana, kikawa kinayumba kila upande. Mbele akasimika usukani kwenye chuma, na chini vipande vitatu vya mbao vyenye springi, kuwa klachi, breki na mafuta. Mapajani mwangu akaweka karai la maji. Mafundi wake wawili wakasimama huku na huku wakikishika kiti. Nikikanyaga breki wananiinamisha mbele; nikikanyaga mafuta wananilaza nyuma; nikikata kushoto wananibinua kulia. Nguvu ya kunisukuma ilifuata nguvu ya mguu wangu. Mama Jasoda alikaa kwenye stuli, akafumba macho na kuitaja barabara ya Ipole yote kwa kichwa, korongo moja baada ya jingine. Hivyo ndivyo nilivyokwenda Ipole kila jioni baada ya kazi bila kutoka uani kwake.

"Karani, umefika wapi?" mafundi walikuwa wakiniuliza.

"Sikonge."

"Mbona umelowa hivyo? Sikonge kuna bahari siku hizi?"

Watoto wa mtaa walipanda ukutani kutazama. Nilizoea.

Sasa nikueleze nilichokielewa, ingawa wewe umekifanya maisha yako yote bila kukitaja. Uzito wa gari haukai mahali pamoja. Ukifunga breki, uzito unakwenda mbele. Matairi ya mbele yanashika ardhi sana, ya nyuma yanakuwa mepesi. Ukikanyaga mafuta, unarudi nyuma. Ukikata kona, unaegemea upande wa nje. Tairi hushika ardhi kadiri linavyokandamizwa. Kwa hiyo anayeendesha, kazi yake ni kama ya mtu anayebeba maji: kuuhamisha uzito taratibu, ufike unapotakiwa kabla haujahitajika, na usirushwe. Mimi pale kwa Mkwe niliurusha. Nilipotoa mguu na kupiga breki katikati ya kona, uzito wote ulikimbilia mbele kwa mara moja, nyuma ikabaki haina cha kuishikilia, na pipa langu likamalizia. Mwendo haukuwa na hatia.

Ajabu ni kwamba haya ndiyo yanayompa mtu mwendo. Anayefunga breki mapema, barabara ikiwa imenyooka, akaiachia polepole huku anakata, kisha akarudisha mafuta kidogo ili gari lisimame sawa kwenye miguu yake yote minne, anatoka kwenye kona na mwendo wake mkononi. Hana haja ya kukimbia kwingine. Nilikuwa nikidhani mwenye kasi ni mtu asiyeogopa. Nikamwambia Mama Jasoda kwamba mimi ni mwoga, labda ndiyo tatizo. Akafumbua macho.

"Uoga haujakukosea kitu," akasema. "Unautoa pahali pabaya tu. Ogopa kwenye mnyooko, uogope wote, umalize. Ndani ya kona hakuna nafasi yake. Haya, tena, kutoka kwenye daraja."

Jioni ya mwisho maji yalimwagika kwenye Mkwe peke yake. Alisema basi, akanipa karai.

Treni ilifika alfajiri. Yusufali, yule muuza azikrimu, alikuwa ameniwekea barafu, nikaipanga pamoja na chupa na kuzungushia unga wa mbao. Gari lilikuwa tupu: gurudumu moja la akiba, jembe, basi. Sanduku nililifunga katikati, chini, nyuma tu ya kiti changu. Karai nikaliweka sakafuni pembeni yangu, na maji ndani yake.

Sina mengi ya kusema kuhusu njia. Nilikuwa na shughuli. Kila kona nilianza kuiogopa mapema, nikiwa bado naiona kwa mbali, na kila nilipoifikia nilikuwa nimekwisha kuogopa. Nilisikia gari likiinama mbele, likiegemea, likikaa. Kwenye mashimo maji yalimwagika. Kwenye kona, kidogo. Nilipita Sikonge watu wakiwa bado wanapiga mswaki barazani.

Kwa Mkwe nilifunga breki juu kabisa ya mteremko, kabla ya mchanga. Nikaachia nikikata. Katikati ya kona nyuma ikaanza kuteleza, ile ile ya mara ya kwanza, na mguu wangu wa kulia ukataka kuruka kutoka kwenye mafuta. Nilisema kwa sauti, peke yangu garini, "Usitoke." Haukutoka. Uzito ukarudi nyuma, matairi yakashika, gari likanyooka. Ule mtaro niliuona ukipita dirishani. Bado alama zangu zilikuwamo.

Apolinaria alinisubiri mikono kiunoni. Hakusalimia. Alifungua sanduku, akatia mkono wote, akauacha humo. Sote tulikuwa tunamtazama uso. Vipande vilikuwa vimebaki vya ukubwa wa ndimu, lakini vilikuwamo, vimezizunguka chupa.

"Nipeni maji ya kunawa," akasema.

Mtungi wa zahanati ulikuwa umekauka, waliokwenda kisimani hawajarudi. Nikamletea karai. Maji yaliyokuwa yamebaki yalimtosha kunawa mikono yote miwili, na akaanza na mtoto wa kwanza kwenye foleni. Saleha alisimama na Tufaha mahali pake, mbali sana nyuma. Sikumwambia asogee mbele. Chupa zikatosha, na Tufaha alilia kama wengine.

Baadaye nilikwenda nyuma ya gari kukunja kamba. Omari aliniletea togwa, maana msafiri ana ruhusa ya kufungua, akanisifu kwa mambo ya gari ambayo hayakuwa kweli, nikamwacha.

Sasa jibu la swali lako. Tufaha alipata homa ndogo ya sindano, ikapita. Saleha aliniletea habari jana kupitia mwalimu mwenzake kwamba mtoto anatambaa na kula udongo, na kwamba vipele havijaonekana kwa yeyote aliyechanjwa siku ile. Kuna mtoto mmoja, wa mjane aliyehamia kutoka upande wa Rungwa, aliyeugua kabla ya sanduku la pili kufika. Alizikwa siku mbili kabla sijapita kwa Mkwe mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa kwenye foleni. Nimekwenda kumpa mama yake mkono wa pole. Alinishukuru kwa kuleta barafu. Shukrani hiyo ningali nayo.

Lugembe ametoka hospitali lakini amekatazwa kunyanyua vitu. Nimemwomba mkubwa wangu niendelee na gari mpaka mvua zitakapofunga njia, naye alinitazama kwanza kama hakunisikia, kisha akakubali. Jioni ningali naenda kwa Mama Jasoda. Ananisomea barabara ya Choma, ambayo sijawahi kuiona, kwa sababu kesho kutwa napeleka sanduku huko. Kona zake nimekwisha kuanza kuziogopa. Karai Mama amelisugua kwa mchanga, liko mlangoni.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama kofia aliyokufumia imekutosha. Saleha, Omari na Tufaha wanakusalimu. Yusufali anakusalimu. Mama Jasoda anasema nikuandikie kwamba zile springi alikuwa sahihi yeye. Nisalimie Mama Zeyana na wadogo zangu wote wa huko, na uwaambie Tabora haijawasahau.

Mwenyezi Mungu akupe afya katika mguu na wasaa katika riziki, na atukutanishe tukiwa hai, hapa au huko.

Mimi mwanao nikupendaye, yule uliyeshuka garini mwake,

Humaidi