Nimepona Kanisani, Masikioni Bado

Mpendwa mshauri, Mama Namfukwe,

Salamu nyingi katika Bwana kutoka hapa Luanshya. U hali gani mukwai, mheshimiwa wetu, na ile miguu yako uliyotuandikia kwamba imevimba, je, imepungua? Sisi tuliitaja katika maombi ya Jumatano, mimi na mke wangu.

Naomba msaada, na naomba usinicheke ingawa najua utanicheka, maana nakusoma gazetini kila Jumamosi tangu redio ilipoanza kuninong'oneza na mwisho ikaninyamazia kabisa. Mimi ni mtu wa mashine ya kuchoronga mwamba, nimeishika chini ya ardhi tangu ujana mpaka mvi hizi, na mashine ile ukiiwasha inakutikisa meno, na vizibo vya masikio tulivyopaswa kuvaa vilikuwa vinaning'inia ofisini kwa msimamizi, tunashushiwa siku ya wageni na vinarudishwa msumarini wageni wakiondoka, kwa hiyo sisi huku chini tulizoea kutazamana midomo, mwenzako akisema lete maji unayaona maji mdomoni mwake, nami nikawa hodari hata nyumbani hawakujua kama nimekuwa kiziwi, mpaka mke wangu alipokuwa akiniita kutoka jikoni nami kimya, akadhani nimeanza kumdharau.

Kliniki walinipima wakasema ni kelele za kazi, nikaomba fidia kwa bodi, na nilichotaka ni vifaa vya kuvaa masikioni na kitu kidogo cha kila mwezi, kwa kuwa kazini siko salama tena, mwezi jana gari la mawe lilirudi kinyumenyume likipiga honi nami nimeligeuzia mgongo, likanikosa kwa upana wa kiganja na dereva akashuka akalia yeye badala yangu.

Sasa shida yangu. Jumapili ya mavuno Mchungaji Lumbwe wa kanisa letu la Mlima wa Ishara aliniita mbele, akanishika masikio, akapuliza, akasimama pua kwa pua nami hata miwani yake ile nene ikanigusa, akaniuliza, "Baba, unanisikia?" Mama, ana midomo mikubwa, inasomeka kama kichwa cha habari. Nikajibu, "Nakusikia, Mchungaji." Sikukusudia uongo, mdomo ulitangulia akili ikabaki njiani, maana kazini ukiulizwa unajibu. Akasema, "Sema haleluya," nikasema haleluya. Akaniuliza mke wangu anaitwa nani, nikamtaja. Basi kanisa likalipuka, kwa jinsi nilivyoona, akina mama wakatandika vitenge sakafuni nipite juu yake, na mimi nikapita nikicheza, nafuata mikono ya mpiga ngoma.

Wiki haijaisha, bango limetundikwa langoni, lina picha yangu nimeshika sikio: KIZIWI WA MGODI ASIKIA. Na Ba Katongo, karani wa mgodi wetu, ambaye hukaa safu ya pili kanisani, akanijia na video kwenye simu yake akisema, "Baba, kampuni inamshukuru Mungu pamoja nawe. Sasa yale madai yako si tuyafute tu?"

Nikakataa kuweka sahihi, nikasema nitafakari kwanza, na sasa bodi inataka kunipima upya Jumanne hii, kwenye kile kibanda ambacho unafungiwa ndani, unavishwa visikilizio, na ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Nilimwendea Mchungaji, akaniambia, "Usingoje mlio, baba. Bonyeza kwa imani, mlio utakufuata." Nikamweleza mke wangu. Alikuwa anasonga ubwali, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akanigeukia ili niusome mdomo wake vizuri, akasema, "Bashi Kabaso, ukibonyeza kwa imani, na ubwali utaula kwa imani. Mimi nitakuwa kwa mama yangu."

Nikisema sisikii, nimemfanya Mungu mwongo mbele ya bango lake mwenyewe. Nikisema nasikia, fidia imekwenda, na gari lingine la mawe liko njiani. Nisaidie mukwai, na unijibu kabla ya Jumanne.

Bashi Kabaso

*

Bashi Kabaso,

Miguu imepungua, asante. Maombi yenu nayaheshimu, lakini vidonge nilimeza.

Uliomba nisikucheke. Umechelewa. Nilicheka kwenye haleluya, na mhariri akaja kutazama kama nimepaliwa.

Kwanza pole, na pole hiyo ni ya kweli. Marehemu mume wangu alikuwa kwenye mtambo wa kusaga mawe. Alikufa akiamini kwamba ndege wamehama mji huu. Hakuomba fidia, alisema mwanaume halalamikii masikio, na mimi ndiye niliyebaki na fahari yake, haipikiki.

Sasa kaa chini nikuseme. Ulipojibu "nakusikia", hilo nakusamehe, ni mazoea ya kazi. Lakini ulipoanza kucheza ngoma usiyoisikia, juu ya vitenge vya wake za watu, hapo ulikuwa na nafasi ya kutosha ya kufikiri. Ulionja utamu wa kuwa muujiza, baba. Ni mtamu, najua. Ila haulipi kila mwezi.

Na hiyo kampuni yako inayomshukuru Mungu, ibada hiyo ilikuwa wapi wakati vizibo vinaning'inia msumarini? Miaka yote hiyo haikusema amina hata kwa makosa. Muujiza wa kwanza unaoipunguzia gharama, tayari imeokoka. Ba Katongo akija tena na simu yake, mwambie ushuhuda wako ni wa kanisani na madai yako ni ya bodi, na sahihi yako usimpe hata kwenye kadi ya harusi.

Mchungaji naye anataka ubonyeze kwa imani. Vizuri. Mwambie avue ile miwani nene, aendeshe gari kwa imani kutoka hapo hadi Ndola, na ashike usukani peke yake.

Unaogopa kumfanya Mungu mwongo. Bashi Kabaso, Mungu hakuchora lile bango. Wewe ni mtu wa maandiko: wale wenye ukoma walioponywa waliagizwa wapi? Waende kwa makuhani wakakaguliwe. Bwana mwenyewe hakuogopa kipimo. Anayekuogopesha kipimo anajua kitakachoonekana.

Fanya hivi. Kesho kabla ya ibada mwombe Mchungaji asimame nyuma yako, mgongoni kabisa, mkeo akiwa shahidi, akuulize chochote anachotaka. Akichoka kuuliza, atakuwa amejibiwa. Kisha simama mbele ya watu walewale useme, "Niliona midomo, sikusikia." Watakaokununia watakununia, na wewe hutasikia wanayosema, tumia faida hiyo. Bango lishuke. Likikataa kushuka, mkeo ana mwiko.

Jumanne nenda naye huyo mkeo, na cheti cha kliniki mkononi. Mwambie mpimaji mapema kwamba unasoma midomo. Na ukishavishwa visikilizio, fumba macho. Hili nakukazia, maana nawajua watu wa mashine: ukiona kupitia kioo cha kibanda mkono wa mpimaji unagusa mtambo, kidole chako kitabonyeza kabla hujakizuia, na bodi itaandika kwamba unasikia kama popo. Mlio ukija, bonyeza. Usipokuja, mikono magotini, hata ukinyamaza mpaka jioni.

Na kama Mungu anataka kukuponya, anaweza kukuponya mle kibandani, umefumba macho, hakuna mtu wa kumsoma mdomo. Ikiwa hivyo, nitakuja Luanshya kwa miguu yangu hii na nitakutandikia kitenge changu kipya langoni kwako. Niandikie upesi, nijue kama nikipige pasi.

Mama Namfukwe