Udongo wa Kando ya Kaburi la Mama

Irente, Lushoto
9 Juni 2024

Kaka yangu mpendwa Zabron,

Shikamoo kaka. Habari za Magoma na joto lake? Wifi na watoto wanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila huku baridi imeanza na moyoni sina raha hata kidogo.

Pole kwa kichaka chetu. Najua shangazi Sesilia ameshakupigia simu kukueleza kuwa miti yote imekatwa, na kaburi la mama sasa linapigwa jua. Nilikwenda Jumapili iliyopita baada ya ibada. Nililia, kaka, hadi majirani wakadhani tumefiwa tena.

Uliniuliza hiyo kazi yangu ya udongo ni kazi gani. Ardhini, kwenye mizizi ya miti, kuna kuvu nyembamba kuliko uzi, zinazoupelekea mti maji na chakula. Daktari Edgar, anayetuongoza, anatafuta zipo aina ngapi na zinakaa wapi, halafu anazichora kwenye ramani. Sisi wasaidizi tunaonyeshwa alama kwenye simu, tunachimba hapo hapo, tunajaza mfuko na kuandika lebo. Kamati ya kijiji ikaiomba ramani hiyo ili ijue vichaka vipi viachwe na vipi vigawiwe kwa kilimo. Chetu kikaonekana hakina kitu.

Kamati ilipoamua kigawiwe, wewe ukasema mwenyekiti wake, Abubakari, ametuchezea. Mmekua pamoja, mmechunga mbuzi pamoja, na mwezi uliopita alipofiwa na mkewe hukupanda huku hata kumpa pole. Msibani aliniuliza kama unaumwa, maana hakuamini kwamba ungekosa. Nikadanganya kuwa ni mguu.

Kaka, Abubakari hana kosa. Mwenye kosa ni mimi. Alama yetu iliangukia hatua mbili kutoka kaburini. Nilikishika kile chuma cha kuchimbia, nikashindwa. Nani anaweza kumtoboa mama yake ubavuni? Nikateremka kwenye shamba la kabichi lililo chini, lile lililochoshwa na madawa, nikachota udongo wa huko na kuandika lebo ya kichaka chetu. Nilijiambia udongo ni udongo tu. Mjinga mimi! Maabara wakaona aina mbili tu za kuvu. Majibu yalipokuja nilijua kilichotokea, nikanyamaza miezi minne, hata siku watu walipoingia na mashoka.

Jana nilimwambia Daktari Edgar. Akasema alama hiyo ataifuta kwenye ramani. Mimi nimeachishwa kazi, na sikumlaumu.

Abubakari bado hajui. Ukikasirika, nikasirikie mimi, hata ukinipiga nitakaa. Ila nakuomba, kaka, panda uje umpe pole ya mkewe, na uwe karibu nami nikimweleza. Peke yangu siwezi kumtazama usoni.

Nisalimie wifi, wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu akutunze.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,
Modesta