Mipaka Hutajwa na Wawili

Lumakanda,
Lugari, Kakamega.
16 Juni 2024

Mpendwa mjukuu wangu Cherono,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba u mzima na baridi ya Winnipeg imekuachilia. Mimi nipo. Magoti hayataki tena vilima, lakini macho bado yanasoma. Mahindi yamefika kiunoni.

Shangazi yako Navalayo alinisomea ujumbe wako mara mbili kutoka kwenye simu yake. Kumbe ule mfuko unaowasaidia watu wa jamii asilia kutengeneza filamu fupi umekubali ombi lako. Dakika kumi na mbili kuhusu sheria yetu ya msitu, kama ilivyokuwa kabla hatujahamishwa mlimani. Nilijivunia hilo, kisha nikatoka nje nikakaa peke yangu.

Mzee Kipngetich wa ukoo jirani, aliyekuwa atoe ushahidi pamoja nami, tulimzika tarehe saba. Ujumbe wako ulifika siku tatu baadaye.

Nikukumbushe sheria yenyewe. Mpaka wa msitu wa asali hautajwi na mtu mmoja. Mtu wa ukoo wetu hutaja kijito, wa ukoo jirani hujibu kwa kutaja mti unaofuata, hadi mzunguko uishe. Anayetaja peke yake baraza halimsikilizi, hata akisema kweli. Sehemu za Kipngetich nimezisikia tangu utotoni, lakini si zangu kuzisema. Katika ukoo wake hakubaki mwingine anayezijua.

Kosa ni langu. Januari, ulipotuletea kinasa sauti, yeye alitaka tutaje papa hapa uani. Nikakataa. Nilisema tungoje pesa za filamu, tukasimame kule kule, kwa kuwa maneno ya mpaka husemwa mpakani. Akanicheka.

"Kibet, unadhani nina umri wa mlima? Na hizo dakika kumi na mbili zako, hata kijito cha pili hatutakuwa tumevuka."

Tukanywa chai. Kinasa sauti kikarudi kabatini.

Usiwarudishie wenye mfuko pesa zao, wala usitafute mtu wa kusema badala ya Kipngetich. Njoo Agosti kama ulivyopanga. Walinzi wa msitu wakituruhusu, nitapanda pikipiki hadi njia inapoishia. Nitataja kijito changu cha kwanza, kisha ninyamaze kwa muda ambao yeye angehitaji kujibu, naye alikuwa mtu wa kuvuta pumzi kwanza. Halafu nitaendelea na kijito changu kinachofuata. Kimya hicho usikikate, wala usiweke muziki juu yake. Watazamaji wajue kwamba ushahidi haukukamilika.

Nisalimie mumeo Joash na mtoto. Navalayo anawasalimu, na anasema chumba chako amekipaka chokaa.

Mungu akulinde safarini, na mimi anitunze hadi Agosti.

Babu yako akupendaye,
Kibet